Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu Upimaji wa Huduma katika Nyumba za Wazee

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, maafisa wa maendeleo ya jamii, na Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti mnaofanya vikao vyenu hapa Malindi.

MINT: NAMNA YA KUPIMA HUDUMA WANAYOPEWA WAZEE WALIO KATIKA NYUMBA ZA MALEZI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu, mkazi wa Malindi, niliyetumikia wodi za hospitali za umma za Pwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Ninachoomba ni kwamba kila nyumba inayowalea wazee katika kaunti hii, iwe ni ya serikali, ya taasisi ya dini, ya shirika la hisani au ya mtu binafsi, ipimwe kwa kuangalia hali ya mzee mwenyewe, mwili wake na siku yake inavyokwenda, na kwamba matokeo ya upimaji huo yawekwe mahali ambapo jamaa zake na wananchi wengine wataweza kuyasoma.

Msingi wa ombi hili mnaujua kunishinda. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kuwa wazee wanaishi kwa heshima na hadhi, hawadhulumiwi, na wanapata matunzo yafaayo kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Kifungu cha 260 kinamtambua mzee kuwa ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti huduma za afya. Sioni haja ya kuurefusha mjadala wa sheria. Katiba imekwisha kusema mzee anastahili nini, na lililobaki ni kujua nani ataingia chumbani mwake kuthibitisha kwamba anakipata.

Ziara za ukaguzi nilizowahi kuandamana nazo zilifanana sana. Wenyeji walipewa taarifa mapema; siku ilipofika ua ulikuwa umefagiliwa, shuka ni mpya, wazee wameogeshwa na kuketishwa barazani, na wageni wakaonyeshwa jiko, ghala, vyoo, vibali na kitabu cha wageni. Hakuna ubaya katika kuyaangalia hayo. Paa linalovuja ni hatari, na choo kisicho na mahali pa kushikilia kimewavunja nyonga wazee wengi. Lakini sikumwona mgeni aliyeomba kuingia chumba cha nyuma ili mzee aliyelala ageuzwe, aangaliwe kiuno na visigino, wala aliyeomba kuonyeshwa uzito wake wa mwezi uliopita, wala aliyebaki mpaka saa nne za usiku kuona ni walezi wangapi waliosalia macho.

Nitaeleza tukio moja, na nyumba yenyewe sitaitaja kwa kuwa sikusudii kumshitaki mtu. Bibi mmoja aliletwa wodini kutoka nyumba ya wazee ya hapa Pwani akiwa na homa na maneno yamemchanganyika. Tulipomgeuza tulimkuta na kidonda cha kulala kilichochimbika juu ya matako hata mfupa ukaonekana, na visigino vyote viwili vimeshabadilika rangi. Mlezi aliyemsindikiza, msichana mwenye adabu na huruma, alikuja na daftari la nyumba. Lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula, na kwa kila siku ya mwezi uliotangulia, mbele ya jina la yule bibi, paliandikwa "hali nzuri". Kidonda cha kufika mfupani huchukua siku nyingi kuchimbika, na katika siku zote hizo kulikuwa na mtu aliyejaza daftari bila ya mtu yeyote kumfunua bibi akamtazama. Nyumba hiyo ilikuwa na vibali vyake kamili.

Wanaoshughulika na ubora wa huduma za afya hurejea mara kwa mara kwa daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, ambaye mwaka 1966 alipendekeza huduma itazamwe kwa pande tatu: vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, vinavyotendwa, yaani namna watumishi hao wanavyomhudumia mtu, na matokeo yanayoonekana kwa yule anayehudumiwa. Kwa maoni yangu ukaguzi wetu umekomea upande wa kwanza, ambao ndio mwepesi kuonekana na ndio mwepesi kupambwa kwa siku moja. Pande mbili zilizobaki hazihitaji mitambo. Zinahitaji mtu anayejua atazame nini, na arudi tena baada ya muda kutazama kilekile.

Naanza na uzito kwa sababu ndio unaotoa habari mapema. Kipimo kinachotumika kwa wazee ni kwamba anayepungukiwa na asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, ana tatizo linalodai kuchunguzwa. Bibi wa kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu kwa mwezi, macho ya anayemwona kila siku hayatang'amua, lakini mizani itasema. Na mizani ikishasema, hapo ndipo maswali yenye maana yanapozuka. Je, meno yamekwisha na bado anapakuliwa sima ngumu na nyama? Je, ana kidonda mdomoni, au dawa anazomeza zimemwondolea hamu? Je, ana majonzi? Au sahani huwekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa haijaguswa kwa kuwa mikono yake hutetemeka na hakuna wa kumlisha? Kumlisha mzee anayemeza kwa shida kwaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Ikiwa mlezi mmoja ana wazee wanane wa kulishwa wakati wa chakula cha mchana, hesabu yenyewe inaonyesha kwamba wengine watalala na njaa, hata ghala likijaa unga na mchele. Ndiyo maana ghala lililojaa halinipi mimi utulivu wowote.

Patasemwa kwamba wengine hawawezi kusimama juu ya mizani. Wauguzi wana njia yao: hupima mzunguko wa shavu la mguu kwa utepe wa kawaida, na ukiwa chini ya sentimita 31 huwa ni dalili kwamba mzee huyo amekonda kupita kiasi. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii katika nchi hii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mizani na vipima shinikizo la damu, nao huzunguka nyumba hadi nyumba katika mitaa yetu. Sioni kwa nini nyumba ya wazee yenye watu ishirini chini ya paa moja ihesabiwe kuwa nje ya mzunguko wao.

Vidonda vya kulala nimekwisha kuvigusia. Mzee asiyejigeuza mwenyewe anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake kukaushwa kila anapojikojolea. Tangu 1987 wauguzi wamekuwa na kipimo kiitwacho Braden, kinachotumia karatasi moja kukadiria mambo sita: kama mzee anahisi maumivu, ngozi yake ina unyevu kiasi gani, anatoka kitandani au la, anaweza kujigeuza, anakula vipi, na mwili wake unasuguana vipi na shuka. Jumla hufika 23, na mzee mwenye alama 18 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini. Mkaguzi akiikuta karatasi hiyo imejazwa kwa kila mzee, na akafunua shuka akaona yaliyoandikwa yanalingana na yaliyopo, amejua mengi kuhusu nyumba hiyo kuliko atakavyojua kwa kuhesabu vitanda.

Jambo la dawa ni zito zaidi kwa kuwa halionekani. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hutembeatembea, huita watu waliokwisha kufa, hukataa kuoga, na pengine humpiga mlezi. Katika nyumba yenye walezi wachache kishawishi cha kumpa dawa ya kumlaza ni kikubwa, na mgeni atakayeingia atasifu utulivu. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza vifo zinapotumiwa kwa wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo mkaguzi aulize kwa kila mzee anayesinzia mchana: anameza dawa gani, nani aliyeiandika, kwa sababu ipi, na mara ya mwisho daktari aliipitia lini. Aulize pia kuhusu kufungwa. Leso iliyozungushwa kiunoni na kufungwa nyuma ya kiti huonekana kama msaada wa kumzuia mzee asianguke, na mara nyingine wanaoifunga wanaamini hivyo kwa dhati, lakini mtu aliyefungwa ni mtu aliyenyimwa uhuru wake, na miguu isiyotumika hulegea haraka mno.

Na maji. Katika miezi ya kaskazi joto la Malindi hulemea hata vijana, na mzee hapati kiu kama zamani ingawa mwili wake unakauka. Zaidi ya hayo wapo wazee wanaoyakataa maji kwa makusudi ili wasilazimike kumwita mtu usiku awapeleke chooni, ama kwa kuona haya, ama kwa kuwa waliwahi kuita na kufokewa. Mtungi uliojaa mezani haumhudumii mzee asiyeufikia, wala yule anayeogopa kunywa.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kumsikiliza mzee. Ukimuuliza mzee wa kwetu kama anatunzwa vizuri, atakujibu "Alhamdulillahi" au "Twashukuru, mwanangu." Malezi aliyoyapata hayamruhusu kumlalamikia anayempa chakula, tena mbele ya wageni, na mwenye nyumba akiwa amesimama hapo kando. Akijiona analelewa kwa sadaka huona hana haki ya kudai. Ripoti itakayoandika kwamba wazee wote wameridhika itakuwa imeandika adabu zao. Naomba waulizwe mambo yenye umbo: jana jioni ulikula nini, usiku ulipoita nani alikuja na baada ya muda gani, mara ya mwisho ulitoka nje ya ua lini, kuna mtu unayemwogopa humu ndani, mlango wa bafu hufungwa unapoogeshwa. Waulizwe faraghani, kwa lugha wanayoota nayo usiku, iwe ni Kigiriama, Kiswahili au nyingine, na muulizaji akae usoni pa mzee, asisimame juu yake, kwa kuwa wengi wao husikia kwa kutazama midomo. Mwislamu aulizwe kama anasaidiwa kutia udhu na kama anaelekezwa kibla. Mkristo aulizwe kama kuna anayemfikisha kanisani au anayekuja kusali naye. Haya yanaweza kuonekana madogo kwa afisa aliye na orodha ndefu mkononi, ila kwa mzee aliyebakiwa na machache ndiyo siku yake.

Kwa wasioweza tena kueleza, wakaguzi wa Uingereza wana utaratibu unaofaa kuigwa: hukaa kimya sebuleni kwa muda na kuandika kila baada ya dakika chache mzee anafanya nini, uso wake ukoje, na nani amezungumza naye na kwa namna gani. Saa moja ya kutazama hivyo hufichua kama walezi humwita mzee kwa jina lake au humsukuma kama mzigo.

Kaunti yetu ina jambo lake ambalo halimo katika vitabu vya wengine. Miongoni mwa wazee waliohifadhiwa wapo waliokimbia vijiji vyao baada ya kutuhumiwa uchawi, tuhuma ambayo katika Kilifi imewaua wazee wengi, na ambayo mara nyingi nyuma yake pana shamba linalogombewa. Mzee wa namna hii hana pa kurudi. Akikosewa katika nyumba aliyokimbilia hatalalamika, kwa sababu nje ya lango kuna watu waliokwisha kumhukumu. Kwa hiyo nyumba inayomhifadhi, hata ikiwa imeanzishwa kwa nia njema kabisa, ina mamlaka makubwa mno juu yake, na yapasa iangaliwe kwa jicho la karibu kuliko nyumba nyingine zote. Najua wapo watakaosema kwamba kumwokoa na panga ni fadhila tosha. Mimi sikubali. Mtu aliyeokolewa bado anahitaji kugeuzwa, kulishwa, kutibiwa na kuitwa kwa heshima.

Kuna pia ukimya wa familia. Kwetu kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee huhesabiwa kuwa ni kumtupa, na aibu hiyo huwafanya watoto wasiende kumwona mara kwa mara, wala wasithubutu kuuliza maswali, wakichelea kuulizwa wao. Wapo waliomhudumia mama mpaka wakashindwa kabisa, kazi zikapotea na afya zao zikaporomoka. Hao nao wanahitaji kujua kwa uhakika ni nyumba ipi inayotunza na ipi isiyotunza, na leo habari hiyo hupatikana kwa minong'ono tu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hudhulumiwa kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja katika jamii, na kwamba katika taasisi za kuwalea wazee wahudumu wawili kati ya watatu wamekiri kuwahi kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka. Sidhani kwamba watu wetu ni wabaya kuliko wengine, wala sidhani kwamba ni wema kuliko wao.

Nchi zilizotutangulia katika jambo hili zimejifunza kwa gharama. Marekani ilitunga sheria mwaka 1987 iliyozidisha masharti kwa nyumba za wazee, na wakaguzi wake wanatakiwa kufika bila kutangaza, kabla ya miezi 15 kupita tangu ziara iliyopita. Mwaka 2008 wakaanza kuzipa nyumba hizo nyota kuanzia moja hadi tano ili familia zichague. Lakini idadi ya wauguzi na walezi, ambayo ni sehemu ya nyota hizo, ilikuwa ikitolewa na nyumba zenyewe, na mwenye kujipima mwenyewe hujipa alama nzuri. Kuanzia 2016 zikatakiwa kuwasilisha rekodi za malipo ya mishahara ili ijulikane nani hasa alikuwa kazini siku ipi. Katika Uingereza nyumba iliyopimwa inalazimika tangu 2015 kubandika matokeo yake mahali yanapoonekana. Hatuna fedha za nchi hizo, na sipendekezi tuchukue mfumo wao mzima. Ila mambo matatu hayagharimu sana: kufika bila kutangaza, kutotegemea hesabu za mwenye nyumba peke yake, na kubandika matokeo.

Napendekeza basi Bunge la Kaunti litumie mamlaka yake ya kutunga sheria, na Idara ya Afya itumie wataalamu iliyonao, ili kuundwe timu ndogo kwa kila kaunti ndogo: muuguzi, afisa wa maendeleo ya jamii, na mzee mmoja anayeheshimika katika eneo hilo asiye na uhusiano na nyumba yoyote. Timu hiyo ifike bila taarifa, na angalau ziara moja kwa mwaka iwe ya usiku au ya siku ya mapumziko, wakati watumishi wanapopungua. Ipitie uzito, ngozi, dawa, maanguko na vifo, kwa kuwa kila kifo kina maelezo yake na mengine yanafaa kuulizwa. Iulize pia ni nani anayeshika kitambulisho cha mzee na fedha zake. Wenye miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, wanastahili shilingi 2,000 kwa mwezi, na fedha hizo ni mali ya mzee hata akiwa hawezi kutoka kitandani. Kisha ukurasa mmoja wa matokeo, usiotaja jina wala ugonjwa wa mzee yeyote kama inavyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ubandikwe langoni pa nyumba na katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Wenye nyumba hizi watahofu, na hofu yao nina sababu ya kuiheshimu. Wengi huziendesha kwa michango isiyo na uhakika, walezi wao hulipwa kidogo na hawakupata mafunzo, na sheria kali isiyoambatana na msaada huenda ikafunga milango na kuwarudisha wazee barabarani. Kwa sababu hiyo naomba ziara ya kwanza iwe ya kufundisha. Mlezi afundishwe kumgeuza mzee bila kumchuna ngozi, kumlisha akiwa ameketi wima, kutambua kwamba kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili ya ugonjwa na kwamba asidhani ni uzee tu, na kujua hospitali ipi ya kumkimbiza. Nyumba ipewe mizani ikiwa haina. Yule msichana aliyeleta daftari safi wodini aliniuliza, huku akilia, kidonda huanzaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nilimweleza wekundu usiofifia unapobonyezwa kwa kidole, na ilichukua dakika chache. Lakini nyumba itakayoonyeshwa kasoro, ikasaidiwa, na ikakutwa tena imeacha wazee wakioza vitandani, hiyo isiongezewe muda kwa kuwa tu imejengwa kwa sadaka.

Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika katika Bunge la Kaunti si baada ya 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Naomba katika makadirio yajayo kuwe na fungu linaloonekana kwa jina lake la kugharimia timu hizi na mafunzo ya walezi, na kabla ya hapo, katika vikao vya kupokea maoni ya wananchi ambavyo Kifungu cha 196 cha Katiba kinawataka mviendeshe hadharani, mtueleze kaunti hii ina nyumba ngapi za wazee, zina wazee wangapi, na ni lini kila moja ilikaguliwa mara ya mwisho na nani. Nitahudhuria kikao cha Malindi, na wauguzi wenzangu wastaafu ambao wako tayari kujitolea kufundisha nao watakuwepo.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mstaafu,
Malindi